Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba tasa 2,147,483,647

Ukurasa huu unahusu namba tasa moja tu: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Wanafunzi wa hisabati hukutana nayo kwenye namba za Mersenne, na waandishi wa programu hukutana nayo pale hesabu zao zinapogoma. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa unaweza kuyahakiki mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo cha simu, na tunakushauri ufanye hivyo.

Namba hii imetoka wapi?

Andika 2 mara thelathini na moja, zizidishe zote, utapata 2,147,483,648. Toa 1. Kwa kifupi ni 2³¹ − 1. Katika mfumo wa sifuri na moja unaotumiwa na kompyuta, huandikwa kwa moja 31 mfululizo, bila sifuri hata moja katikati. Umbo hilo ndilo mama wa karibu kila sifa utakayoisoma hapa chini.

Namba tasa zenye umbo la 2ᵖ − 1 huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha ya vipeo vyake mwaka 1644. Orodha hiyo ilikuwa na makosa: aliingiza 67 na 257 zisizofaa, akaziacha 61, 89 na 107 zinazofaa. Kipeo 31 alikipata sawa. Vipeo vinane vya mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19 na 31, kwa hiyo namba yetu ni ya nane katika ukoo huo.

Kama p ni tasa, si 2ᵖ − 1 nayo inakuwa tasa moja kwa moja?

Hapana, na hili ndilo kosa linalojitokeza zaidi kwenye madaftari ya wanafunzi. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Pietro Cataldi wa Italia alidai mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne, ni 31 pekee iliyosimama. 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, 2²⁹ − 1 inagawanyika kwa 233, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223.

Kinyume chake ndicho cha kweli: p isipokuwa tasa, 2ᵖ − 1 haiwezi kuwa tasa. Kama p = a × b, basi 2ᵃ − 1 huigawa 2ᵖ − 1 bila baki. Ndiyo maana 2¹⁵ − 1 = 32,767 inagawanyika kwa 7 (yaani 2³ − 1) na kwa 31 (yaani 2⁵ − 1).

Nani alithibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa?

Leonhard Euler, kwa barua aliyomwandikia Bernoulli, iliyochapishwa mwaka 1772. Kwa miongo mingi baada ya hapo hakukuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyojulikana.

Aliwezaje bila mashine?

Njia ya kawaida ya kupima namba ni kuigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Ni kazi ya kuchosha, na kosa moja tu la kugawa linaharibu yote. Euler alianza kwa kuuliza: kama kigawo kipo, kitakuwa na sura gani?

Tuseme q ni namba tasa inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Hapo 2³¹ ikigawanywa kwa q inabaki 1. Kanuni ndogo ya Fermat inasema 2 yenye kipeo q − 1 nayo ikigawanywa kwa q inabaki 1. Sasa chukua kipeo kidogo kuliko vyote kinachofanya 2 iache baki 1. Kipeo hicho lazima kigawe 31, na lazima kigawe q − 1. Namba 31 ni tasa, kwa hiyo kipeo hicho ni 1 au ni 31. Hakiwezi kuwa 1, kwa sababu 2 yenyewe haiachi baki 1 kwa q. Kwa hiyo ni 31, na q − 1 ni kigawe cha 31. Tena q ni witiri, basi q − 1 ni shufwa, hivyo ni kigawe cha 62. Vigawo vyote vinavyowezekana viko kwenye mstari 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea.

Kuna kichujio cha pili. Kama 2³¹ inaacha baki 1, basi 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Yaani kuna mraba unaoacha baki 2 ukigawanywa kwa q, na jambo hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri zinazoacha baki 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha vichujio viwili, q lazima iwe na umbo la 248k + 1 au 248k + 63. Namba za aina hiyo zisizozidi 46,340, ukiacha 1 na 63, ni 372 tu.

Hata hizo 372 nyingi zinaanguka zenyewe. Tazama za mwanzo: 249 ni 3 × 83, 311 ni tasa, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1,055 inaishia na 5, 1,241 ni 17 × 73, 1,303 ni tasa. Kati ya kumi, za kujaribu ni mbili. Ukigawa 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki 35. Ukigawa kwa 1,303 unapata 1,648,107 na baki 226. Endelea hivyo hadi 46,191, namba ya mwisho kwenye orodha. Hakuna hata moja inayogawa bila baki, na uthibitisho umekamilika. Kwa mtu mwenye subira ni kazi ya siku chache, na sioni zoezi bora kuliko hili la kumwonyesha mwanafunzi wa kidato cha sita kwamba kufikiri kabla ya kukokotoa kunalipa.

Kuna njia fupi zaidi ya kuipima?

Ipo, na ndiyo inayotumika mpaka leo kwa namba za Mersenne. Mzizi wake ni kazi ya Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19, na Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha mwaka 1930. Hatua ni hizi: anza na 4. Ipige mraba, toa 2, kisha gawa kwa 2ᵖ − 1 na ubaki na baki peke yake. Rudia hivyo mara p − 2. Ukimaliza na 0, namba ni tasa. Ukimaliza na kitu kingine chochote, si tasa.

Ijaribu kwanza kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1, kwa hiyo hatua ni tano:

4 → 14
14 → 194, toa 127, inabaki 67
67 → 4,487, inabaki 42
42 → 1,762, inabaki 111
111 → 12,319, ambayo ni 127 × 97 kamili, inabaki 0

Kwa 2³¹ − 1 hatua ni 29. Katika Python inatosha kuandika:

s, M = 4, 2**31 - 1
for i in range(29):
    s = (s*s - 2) % M
print(s)

Jibu ni 0.

Kutafuta baki kwenyewe hakuhitaji kugawa. Kwa kuwa 2³¹ inaacha baki 1, unaikata namba vipande viwili kwenye biti ya 31 (biti ni tarakimu moja ya sifuri au moja): kipande cha juu na kipande cha chini, kisha unavijumlisha. Mfano mdogo kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1: namba 194 ni 6 × 32 + 2, basi baki ni 6 + 2 = 8. Wepesi huu wa kugawa kwa kujumlisha ni sababu mojawapo kubwa inayofanya namba tasa kubwa zinazovunja rekodi ziwe za Mersenne mara nyingi.

Nimeandika programu ya kipimo hicho na sipati 0. Nimekosea wapi?

Angalia kwanza idadi ya hatua. Ni p − 2, si p. Ukipitiliza hatua moja kwenye namba yetu utapata 2,147,483,645 (ambayo ni −2 iliyovaa sura ya baki), ukipitiliza mbili utapata 2, na kuanzia hapo utapata 2 milele.

Kosa la pili ni ukubwa wa hifadhi. Namba s inaweza kukaribia 2³¹, hivyo mraba wake unakaribia 2⁶². Katika C au Java, ukitumia namba ya biti 32, mraba unamwagika na jibu linakuwa takataka. Tumia biti 64, zinatosha. JavaScript ina mtego wake: namba zake za kawaida ni sahihi mpaka 2⁵³ tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Ukipita hapo tarakimu za mwisho zinapotea kimyakimya bila onyo lolote, kwa hiyo tumia BigInt. Excel ni hivyohivyo, inatunza tarakimu 15 tu.

La tatu ni baki hasi. Katika lugha kadhaa, s ikiwa 0 au 1 kabla ya kutoa 2, baki linatoka hasi. Ongeza M pale matokeo yanapokuwa chini ya sifuri. Na kipimo hiki hakifanyi kazi kwa p = 2. Namba 3 ni tasa, lakini inathibitishwa kwa macho.

Je, kipimo cha Fermat kwa msingi 2 hakitoshi?

Kipimo hicho huangalia kama 2 yenye kipeo n − 1, ikigawanywa kwa namba n unayoipima, inabaki 1. Kwa ukoo huu hakina maana kabisa. Kila 2ᵖ − 1 yenye p tasa inafaulu kipimo hicho, iwe tasa au isiwe. Namba 2,047 inafaulu, na inafaulu hata kipimo kikali cha Miller na Rabin kwa msingi 2, ingawa ni 23 × 89. Ukitaka Miller na Rabin kwa namba za ukubwa huu, tumia misingi 2, 3, 5 na 7 kwa pamoja. Namba ndogo kuliko zote isiyo tasa inayoidanganya misingi yote minne ni 3,215,031,751, kwa hiyo chini ya hapo jibu ni la uhakika.

Kwa nini kompyuta inaikomea namba hii hii?

Namba nzima ya biti 32 hutumia biti moja kuonyesha kama ni chanya au hasi, zinabaki 31 za thamani. Zote zikiwa moja, umefika 2,147,483,647. Ongeza 1 na mara nyingi utaona −2,147,483,648.

Kuwa kikomo na kuwa tasa ni mambo mawili tofauti yaliyokutana. Kikomo cha biti 8 ni 127, tasa. Cha biti 16 ni 32,767, si tasa. Cha biti 32 ni tasa. Cha biti 64 ni 2⁶³ − 1, nacho kinagawanyika kwa 7. Vipeo 15 na 63 si tasa, kwa hiyo namba zake haziwezi kuwa tasa; 7 na 31 ni tasa, na safari hii namba zake nazo ni tasa.

Kwenye hifadhidata yangu wateja wengi wana namba ya simu 2147483647. Ni wizi?

Si wizi. Safu ya namba za simu imetengenezwa kwa aina ya INT, yaani namba nzima ya biti 32. Namba ya Tanzania inayoanza na 255 ina tarakimu 12, na ya Kenya inayoanza na 254 ni hivyohivyo. Zote ni kubwa mno kwa INT. MySQL, programu ya hifadhidata, ikiwa haijawekwa kwenye hali ya ukali, huichukua namba kubwa na kuandika kikomo badala yake, kwa hiyo wateja wote wanaishia na namba moja. Ikiwa kwenye hali ya ukali, hukataa na kutoa hitilafu, jambo ambalo ni afadhali.

Kilichopotea hakirudi kwa kubadili aina ya safu. Lazima ukitafute kwenye nakala rudufu au fomu za awali. Badili safu iwe VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15, kabla ya kuingiza tena, kwa sababu namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, na kwa maandishi hata sifuri ya mwanzo inabaki salama.

Tatizo la mwaka 2038 linahusianaje nayo?

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970. Hesabu ikiwekwa kwenye biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utarudi Desemba 1901. Dawa ni kutumia biti 64. Ukiwa na programu ya mikopo au bima ya miaka mingi, tarehe za mbele ya 2038 unaziandika tayari leo, kwa hiyo ipime sasa.

Inatumikaje kutengeneza namba za nasibu?

Stephen Park na Keith Miller walipendekeza mwaka 1988 kanuni hii: zidisha namba uliyonayo kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, baki ndilo namba yako mpya. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Baada ya hatua 10,000 lazima uwe na 1,043,618,065. Ukipata nyingine, programu yako ina kosa, na karibu kila mara ni kuzidisha kulikomwagika nje ya biti 32.

Namba 16,807 ni 7⁵. Vipeo vya 7 vinapita kwenye mabaki yote 2,147,483,646 yasiyo sifuri kabla ya kurudi mwanzo, na 7 ndiyo ndogo kuliko zote yenye uwezo huo hapa. Kipeo 5 hakiuharibu uwezo huo kwa sababu 5 haimo kwenye vigawo vya 2,147,483,646, ambavyo ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ungetumia 7³ ungepata theluthi moja tu ya mzunguko. Usianze na 0, utabaki kwenye 0. Na usiitumie kwa siri yoyote: anayeona namba moja anaijua inayofuata.

Naweza kuitumia kwenye usimbaji wa RSA?

Hapana. Ni ndogo mno, na inajulikana na kila mtu. RSA ni njia ya kuficha ujumbe kwa kutegemea namba tasa za siri. Ufunguo wake wa biti 2,048 hutumia namba tasa mbili za tarakimu 300 na zaidi kila moja, zilizochaguliwa kwa nasibu na kufichwa.

Namba kamilifu inayotokana nayo ni ipi?

Ni 2³⁰ × (2³¹ − 1) = 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudi kuwa namba hiyohiyo, kama 6 = 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haielekei mtu yeyote atahangaika kutafuta kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na kwa hiyo namba kamilifu kubwa zaidi ikapatikana.

Majirani zake ni akina nani?

Namba tasa inayoitangulia ni 2,147,483,629 na inayoifuata ni 2,147,483,659. Haina pacha, yaani namba tasa inayotofautiana nayo kwa 2 tu: 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 inagawanyika kwa 3. Ukihesabu namba tasa zote kuanzia 2, yetu ni ya 105,097,565.

Ikilinganishwa na rekodi ya sasa, bado ni "kubwa"?

Ina tarakimu 10. Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 na GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaotafuta namba tasa za Mersenne kwa kompyuta zao, iliyopatikana na Luke Durant, ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 na ina tarakimu 41,024,320. Kipimo cha mwisho cha kuithibitisha ni kilekile cha Lucas na Lehmer, ila hatua zake ni zaidi ya milioni 136 na kila mraba una mamilioni ya tarakimu.

Tukiweka 2,147,483,647 yenyewe kama kipeo, tunapata namba tasa nyingine?

Swali zuri, kwa sababu mwanzo wa mnyororo unavutia. 2³ − 1 = 7, na 2⁷ − 1 = 127 ni tasa. 2⁵ − 1 = 31, na 2³¹ − 1 ndiyo yetu. Lakini 2²¹⁴⁷⁴⁸³⁶⁴⁷ − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, si tasa. Kigawo chake kimoja ni 295,257,526,626,031. Kichujio cha Euler kinafanya kazi hapa pia: toa 1 kwenye kigawo hicho, gawa kwa 2,147,483,647, utapata 137,490 kamili. Kukihakiki hakuhitaji kuiandika namba yenyewe. Andika pow(2, 2147483647, 295257526626031) kwenye Python, na jibu litakuja papo hapo: 1.